Hakunipiga, Ni Chunusi!

"PF3 yako iko wapi, dada?"

Hilo ndilo swali la kwanza nililoulizwa na nesi pale mapokezi. Hakuuliza naumwa nini wala nilianza lini kuumwa. PF3. Kama hujawahi kuiona, ni ile fomu ya polisi anayopewa mtu aliyepigwa au aliyepata ajali ili akatibiwe. Na pembeni yangu alikuwa amesimama mchumba wangu, kabeba mkoba wangu begani, jasho linamtiririka, macho ya foleni nzima yakiwa kwake.

Sikuwa nimepigwa. Nilikuwa nimetumbua chunusi.

Sasa hebu jiweke kwenye nafasi ya yule nesi. Mbele yako kuna msichana ambaye jicho lake la kushoto limefunga kabisa, shavu limejaa kama kaweka andazi zima mdomoni, pua imehamia upande mmoja na mdomo wa juu umetuna. Halafu anakwambia kwa sauti ya kuibia, "Ni chunusi tu." Ungeamini? Nesi akaniangalia mimi, akamwangalia mwenzangu, akanirudia mimi. "Mwenzio jana kaniambia kaangukia sinki," akasema, kisha akamwomba mchumba wangu akasubiri nje.

Sikumchukia yule nesi, na leo nikikutana naye nitamshukuru. Kuna wanaohitaji sana kuulizwa vile. Ila siku ile nilitamani ardhi ipasuke.

Ngoja nirudi nyuma. Shuleni sikuwahi kuwa na chunusi. Wenzangu wa kidato cha pili walikuwa wanahangaika na vipele, mimi uso laini, natamba. Zangu zilisubiri nimalize chuo, nipate kazi, ninunue kioo kikubwa cha ukutani, ndipo zikaja. Nilikuwa na miaka 26. Zilianzia kidevuni, zikapanda kwenye taya, na kila nikikaribia siku zangu ndo zinaota mpya, zile kubwa za ndani zinazouma hata ukilalia mto. Mwaka 2020 barakoa zilinisitiri. Watu walipozivua, mimi nikawa wa mwisho ofisini.

Mchumba wangu nilikutana naye mwaka 2021, na nakiri hapa kitu ambacho hata shosti zangu hawakijui: kwa zaidi ya mwaka mmoja hakuwahi kuuona uso wangu bila faundesheni. Nikienda kwake Mbezi siku za mapumziko naamka saa kumi na moja alfajiri, najifungia bafuni, nanawa, napaka, naweka poda, narudi kitandani najifanya nimelala. Akiamka ananiambia, "Mama, wewe unaamka mzuri hivi hivi?" Nacheka. Moyoni nachoka.

Mapema mwaka 2022 alianza kuzungumzia kwenda kwetu. Hapo presha ikapanda. Mpenzi msomaji, unajua picha za siku ya mahari zinavyosambaa. Zinakwenda kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, la kazini, la mtaani, na kuna binamu yako yupo kwa ajili ya kukuza picha na kukagua ngozi za watu tu. Nikaanza kutafuta dawa.

Mwenzangu mmoja ofisini akanielekeza tyubu ndogo. Naenda nayo dukani kama naenda kununua peremende, sina cheti, siulizwi kitu. Nachanganya na losheni, napaka asubuhi na usiku. Jamani, wiki mbili tu! Chunusi zikalala, uso ukang'aa, mama wa mgahawa pale Posta akaniuliza natumia nini. Nikamwambia maji mengi na usingizi. Kumbe ndani ya ile tyubu kulikuwa na klobetasoli, steroidi kali ambayo madaktari huiandika kwa magonjwa kama pumu ya ngozi, kwa siku chache, na usoni huikwepa kabisa wakiweza. Mimi niliipaka miezi mitano.

Mwezi wa tatu nilianza kuona vimishipa vyekundu mashavuni. Nikikosa kupaka siku mbili uso unawaka moto na vipele vinarudi kwa hasira, vidogo vidogo, vya ukubwa mmoja, kama vimepangwa na rula. Nikashtuka nikaacha ghafla. Na kwa kuwa uso ulilipuka, nikakimbilia dawa nyingine, safari hii ya chunusi kweli kweli, jeli ya benzoili peroksaidi ya asilimia 10. Dawa yenyewe ni nzuri, hilo nalisema wazi. Ila mimi nilipaka kama siagi kwenye mkate, uso mzima, mara mbili kwa siku, juu ya ngozi ambayo ilikuwa imeshachunika. Nikawa najipa moyo kuwa kinachochoma ndicho kinachoponya.

Ile jeli ina tabia moja ambayo sikuijua: inatoa rangi ya nguo. Taulo la bluu la mchumba wangu likajaa madoa meupe kama limemwagiwa jiki. Akamwita dada anayemfulia, akamsema, akamkata elfu tano. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kochi, naangalia simu. Sikusema kitu.

Basi. Wazee wa upande wake walipangwa kufika kwetu Tabata Jumamosi moja ya mwezi Agosti 2022. Wiki moja kabla, likaota jipu dogo pembeni mwa pua upande wa kushoto, jekundu, gumu, linapigapiga kama lina moyo wake. Nilijua ukitumbua linaacha kovu, hilo kila mtu anajua. Lakini nilihesabu siku nikaona kovu linafichika, jipu halifichiki. Jumamosi usiku nikachukua pini ya hijabu niliyoazimwa na jirani siku ya msiba, nikaipitisha kwenye moto wa kiberiti, nikasimama mbele ya kile kioo changu kikubwa. Ilitoka damu, usaha kidogo, na maumivu yaliyonifanya nione nyota. Nikaendelea kukamua kwa kucha nikidhani bado kuna kitu ndani. Nikamalizia na dawa ya meno.

Jumapili pua ilikuwa imevimba. Jumatatu shavu. Nikaenda kazini hivyo hivyo na miwani ya jua, na ofisi yetu haina hata dirisha la maana. Hakuna aliyeniuliza. Hilo ndilo lililonitisha, maana ofisi ile watu huuliza hata kwa nini umebadilisha viatu. Saa sita bosi wangu, mama mtu mzima, aliniita akafunga mlango, akasema kwa upole, "Mwanangu, hata mimi nilipitia. Ukihitaji pa kulala, kwangu kuna chumba." Nikasema asante, sijambo, nimetumbua chunusi. Akanishika mkono. "Sawa," akasema, kwa ile sawa ya mtu asiyeamini.

Ningeweza kuvua miwani, nikasafisha mekapu kwa kitambaa, nikamwonyesha tundu lenyewe pembeni ya pua. Dakika mbili zingetosha. Lakini ningeonyesha na mashavu yaliyochunika, na vile vimishipa, na maswali ya krimu yangefuata. Nikaona aibu. Nikamwachia aamini anachotaka.

Usiku wa Jumatatu nilianza kutetemeka kwa homa. Jumanne alfajiri jicho halikufunguka, kichwa kinagonga. Mchumba wangu alikuja na bajaji mpaka mlangoni, akaniona, akashika ukuta. Huo ndio ukawa uso wangu wa kwanza bila mekapu aliouona maishani mwake. Kuna wanaochagua siku nzuri zaidi.

Huko nyuma maneno yalikuwa yameshatembea. Kutoka ofisini hadi kwa binamu, kwa binamu hadi kwa shangazi. Wakati tuko kwenye foleni simu ya mchumba wangu iliita. Alikuwa baba mdogo, ambaye ndiye msimamizi wa mahari yangu. Alisikiliza kama dakika nzima, akasema, "Hapana baba. Hapana, naapa. Baba, ngoja aongee mwenyewe," akanipa simu. Baba mdogo alinena kwa ukali, "Wewe sema tu, asiwepo anayekulazimisha. Amekupiga?" Nikasema hapana. "Sasa nini?" Mdomo umevimba, sauti haitoki vizuri, watu wanasikiliza, nikasema nitakueleza baadaye. Nitakueleza baadaye! Unaona nilivyomkaanga mwenzangu? Baba mdogo alikata simu, na jioni ile wazee wakaambiwa wasije Jumamosi.

Aliyenisaidia ni daktari wa zamu, dada mdogo tu pengine mwenye umri kama wangu. Alipomaliza kunipima homa hakuniuliza habari za kupigwa. Aliuliza, "Unapaka nini usoni?" Nikasema sabuni ya kawaida. Akatulia. Akaniuliza tena, polepole, "Mdogo wangu, na kingine?" Nikaomba mchumba wangu aitwe. Sijui ujasiri ule niliutoa wapi. Nafikiri nilikuwa nimechoka tu. Nikamwambia mwenzangu atoe kila kitu kwenye mfuko wa pembeni wa mkoba wangu, ule wenye zipu. Akatoa tyubu, akatoa jeli, akatoa kikopo cha losheni niliyochanganya, poda, faundesheni mbili, pini. Akavipanga juu ya meza ya daktari kimoja kimoja kama mtu anayetandaza bidhaa mnadani.

Daktari alichukua kalamu akachora uso kwenye karatasi, akachora pembetatu: ncha juu ya pua kati ya macho, na pembe mbili kwenye kona za mdomo. Akatuambia mishipa ya damu ya eneo lile inawasiliana na mishipa iliyo nyuma ya macho, na hiyo inaingia ndani ya fuvu karibu na ubongo. Uambukizi ukianzia pale unaweza, kwa nadra, kusafiri hadi huko na damu ikaganda. Akasema enzi ambazo antibayotiki hazikuwepo, waliofikia hatua hiyo karibu wote walikufa, na hata leo ni hatari ya kulaza mtu wodini. Akaniwekea kidole, nikifuate kwa macho, juu, chini, kushoto, kulia. Akalifunua jicho lililofunga kwa vidole vyake na kuuliza kama naona vitu viwili viwili. Akaniinamisha kidevu kifuani kuona kama shingo imekakamaa. Jicho lilikuwa linageuka vizuri. "Lingekataa kugeuka," akasema, "ungekuwa njiani kwenda kwenye kipimo cha CT sasa hivi." Mimi nililia. Mchumba wangu akauliza swali moja tu, "Kwa chunusi?"

Kwa chunusi. Ila kama alivyotueleza, haikuwa chunusi peke yake. Steroidi ilikuwa imeipunguza ngozi unene na kuilaza kinga yake, jeli kali ikaichubua, halafu mimi nikafungua mlango kwa pini na kuwasukumia wadudu ndani kwa kucha. Nililazwa siku nne, sindano za antibayotiki za mshipani, halafu vidonge vya kumalizia nyumbani.

Siku ya pili wodini homa ilishuka. Mchumba wangu alikuja na uji kwenye chupa ya chai, akakaa, akawa kimya muda mrefu. Nilijua tunaachana. Kisha akasema, "Kwa hiyo na lile taulo?"

"Ni mimi."

"Nilimkata elfu tano yule dada."

"Najua. Nilikuwepo."

Akatikisa kichwa. Aliniambia kilichomuuma siyo chunusi wala krimu. Kilichomuuma ni kwamba kwa siku mbili nilimwona anatazamwa kama mhalifu, na baba mdogo anamwapiza, na mimi nilikuwa na ukweli kwenye mkoba. Sikuwa na la kujibu. Mpaka leo sina. Nilimwomba simu yake, nikampigia baba mdogo, nikamweleza yote, tyubu, jeli, pini, mbele yake na mbele ya wagonjwa watano wa wodi ile. Baba mdogo alinyamaza, akasema, "Yaani mwanangu ulitaka kufa kwa ajili ya picha?"

Wiki mbili baadaye nilikwenda kwa daktari wa ngozi, mzee mmoja aliyesomea Moshi, kwenye kile kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha KCMC kilichoanza mwaka 1992, ambako wanakuja kusoma watu kutoka nchi nyingi za Afrika. Shavu lilikuwa bado limejaa kidogo na nilikuwa na hofu. Alinibonyeza kwa kidole gumba, akasubiri. Akaniambia wapo watu wachache ambao chunusi za muda mrefu huwaachia uvimbe mgumu wa katikati ya uso: hauumi, ukibonyeza haubonyei, unakaa miezi na kutibika kwake ni kazi ndefu. Wangu ulibonyea. Ulikuwa unaondoka. Nilishukuru Mungu pale pale kwenye kiti.

Wapo wengine, akasema, wanaovimba kwa mzio wa dawa yenyewe. Uso unawasha, kope za macho yote mawili zinavimba, mara nyingi siku moja au mbili baada ya kupaka. Nadra zaidi ni ile ya ghafla, midomo au ulimi unavimba, koo linabana, mtu anakosa pumzi, na huyo ni wa kukimbizwa hospitali bila kujadiliana. Mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu jambo hilo kwa dawa za chunusi za dukani zenye benzoili peroksaidi au asidi ya salisiliki, na ikashauri mtumiaji mpya ajaribu kwanza kidogo kwenye sehemu moja au mbili kwa siku tatu. Mimi nilijaribu kwenye uso mzima kwa wiki tatu.

Miezi miwili ya kuachana na steroidi sitaki kuikumbuka. Uso uliwaka, ukapukutika, ukatoa vipele kuliko mwanzo. Mzee yule alikuwa amenionya, kwa hiyo sikurudi kwenye tyubu, ingawa usiku mmoja nilifika mpaka mlangoni mwa duka. Ngozi ilipotulia alinirudishia ile ile benzoili peroksaidi, ila ya asilimia 2.5, akisema inafanya kazi karibu sawa na ile kali bila kuchubua, na kipimo ni punje ya njegere kwa uso wote. Usiku adapaleni, kwanza siku moja moja, na asubuhi krimu ya kuzuia jua. Nisitarajie kitu kabla ya wiki nane hadi kumi na mbili. Akatuuliza wote wawili kama tunapanga mtoto karibuni, kwa sababu dawa kadhaa za chunusi haziendi na ujauzito, adapaleni ikiwemo, na vidonge vya isotretinoini ndivyo vibaya kabisa, vinaharibu mtoto tumboni. Mchumba wangu alikuwa anaandika kwenye simu. Alikuwa anahudhuria kila kliniki, sijui kama ni mapenzi au alitaka tu kuhakikisha sifichi kitu kingine. Nadhani yote mawili.

Yule dada wa kufua nilimtafuta, nikampa elfu kumi na kumweleza. Alicheka mpaka akakaa chini. Alisema alikuwa ameshaacha kutumia jiki kwenye nyumba zote anazofulia, akidhani mikono yake ina mkosi.

Wazee walikuja Novemba 2022. Siku ile nilipaka poda kidogo tu, kwenye kidevu palikuwa na vipele viwili, na pembeni ya pua kuna kikovu kama punje ya mchele ambacho kiko hadi leo. Binamu alikuza picha, akakiona, akauliza kwenye kundi la ukoo. Nikamjibu kwenye kundi hilo hilo, aya tatu.

Tulifunga ndoa mwaka uliofuata. Baba mdogo na mume wangu sasa ni marafiki, wanaangalia mpira pamoja. Tatizo ni shangazi. Shangazi anapiga simu kila Jumapili baada ya ibada, tunaongea habari za nyumbani, bei ya mchele, nani kajifungua. Halafu kabla ya kuaga anashusha sauti.

"Mume wako yupo hapo karibu?"

"Yupo nje shangazi."

"Uko salama lakini?"

"Shangazi, ilikuwa chunusi."

"Haya mwanangu," anasema. "Chunusi. Mimi simu yangu siizimi usiku."